Straika kijana na miaka yake ya kwanza ya soka la kulipwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wazazi, na wachezaji wenyewe, na mashabiki waliompenda kijana tangu timu ya vijana na sasa wanamwona amekaa benchi. Mengi huulizwa kwa uchungu, baada ya mechi ya tano bila bao. Nimeyapanga kuanzia ya msingi hadi yale yanayomkuta mmoja kati ya wengi. Karibu kila jibu linarudi kwenye jambo moja ninaloliamini: straika hukomaa kwa dakika anazocheza, na uamuzi wowote unaomnyima dakika ni wa kuutilia shaka, hata ukija na jina kubwa.

## Mambo ya msingi

1. Mchezaji anahesabiwa kuwa wa kulipwa kuanzia lini?

Kwa kanuni za FIFA, mchezaji wa kulipwa ni yule mwenye mkataba wa maandishi na klabu, na anayelipwa zaidi ya gharama anazoingia ili acheze. Kurudishiwa nauli na kupewa viatu hakutoshi. Kuvaa jezi ya kikosi cha kwanza nako hakutoshi. Kijana anaweza kucheza msimu mzima na wakubwa huku kwenye karatasi bado ni mchezaji wa ridhaa, na tofauti hiyo huonekana siku anapoumia au anapotaka kuondoka. Ahadi ya mdomo ya kiongozi wa klabu, hata kama anasema kweli, haimlindi mtu.

2. Umri gani unafaa kuanza kucheza kikosi cha kwanza?

Hakuna umri mmoja. Romelu Lukaku aliichezea Anderlecht mara ya kwanza Mei 2009, siku chache tu baada ya kutimiza miaka 16, na msimu uliofuata akawa mfungaji bora wa ligi ya Ubelgiji kwa mabao 15. Kylian Mbappé alianza Monaco Desemba 2015, hajafikisha miaka 17. Upande wa pili yupo Didier Drogba, aliyesaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa na Le Mans akiwa na miaka 21, na Jamie Vardy, aliyefika Leicester City mwaka 2012 akiwa na miaka 25 baada ya kupita timu za madaraja ya chini kabisa. Miaka minne baadaye alikuwa bingwa wa Uingereza, na mabao yake 24 yalichangia sana.

Ukitazama majina hayo utaona kwamba mwili ndio huamua mengi. Lukaku akiwa na miaka 16 alikuwa na umbo la mtu mzima. Kijana aliyechelewa kukua anahitaji miaka miwili zaidi, na miaka hiyo haijapotea iwapo anaitumia uwanjani.

3. Kwa nini straika huchelewa kuaminiwa kuliko winga au beki wa pembeni?

Timu nyingi siku hizi zina namba tisa mmoja tu. Mawinga ni wawili, viungo watatu, mabeki wanne. Kijana wa pembeni akikosea, wenzake humfunika. Straika akikosa bao la wazi, uwanja mzima umeona. Halafu mabao ndiyo yanayozuia kibarua cha kocha kisiote nyasi, kwa hiyo kocha mwenye mechi tatu za kujiokoa atampanga mtu mzima anayemfahamu. Sioni chuki hapo, ingawa inauma.

## Mabao na ukame wa mabao

4. Amecheza mechi kumi bila kufunga. Je, hafai?

Mechi kumi hazitoshi kusema hivyo. Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu langu huwa refu kwa sababu najua vijana walioharibiwa na haraka ya watu waliowazunguka.

Mtazame Erling Haaland. Mwaka 2016, akiwa na miaka 15 na 16, aliichezea timu ya wakubwa ya Bryne, daraja la pili Norway, mechi 16 za ligi. Hakufunga hata bao moja. Akaenda Molde, na Julai 2018 akafunga mabao manne dhidi ya Brann ndani ya dakika 21 za kwanza. Mei 2019 akafunga tisa katika mechi moja ya Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 20, Norway ilipoichapa Honduras 12-0. Septemba mwaka huohuo alifunga matatu katika mechi yake ya kwanza ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, akiwa na Salzburg dhidi ya Genk ya Mbwana Samatta, ambaye naye siku hiyo alifunga.

Au mtazame Victor Osimhen. Aliweka rekodi ya mabao 10 katika Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 mwaka 2015, akahamia Wolfsburg mapema 2017, na Ujerumani hakupata bao hata moja la ligi. Alipotaka kuondoka mwaka 2018, klabu mbili za Ubelgiji zilimkataa kabla Charleroi haijamchukua kwa mkopo. Huko akafunga 20 katika mashindano yote. Msimu wa 2022/23 alikuwa mfungaji bora wa Serie A kwa mabao 26, na Napoli ikatwaa ubingwa.

Hesabu nayo iko upande wa subira. Kwa wastani takriban shuti moja kati ya kumi ndilo huzaa bao. Kijana anayeingia dakika ya 75 na kupata shuti moja kwa mechi anaweza kukaa mechi kumi bila bao kwa bahati tu, hajafanya kosa lolote. Kabla ya kumhukumu, hesabu dakika zake, usihesabu mechi. Mechi kumi za dakika 15 ni dakika 150, yaani hazijafika hata mechi mbili kamili.

5. Basi nitajuaje kama anaendelea vizuri?

Tazama anapata nafasi ngapi, na anazipata wapi. Straika anayekosa mabao matatu ya wazi katika mechi moja anahuzunisha, lakini yuko karibu na mafanikio kuliko yule ambaye hakukosa lolote kwa sababu hakufika. Kufika eneo sahihi kwa wakati sahihi ndiko kipaji chenyewe. Kumalizia hufundishika zaidi.

Kwenye runinga utaona kipimo kiitwacho xG, yaani mabao yanayotarajiwa. Kila shuti hupewa thamani kati ya 0 na 1 kulingana na umbali, pembe na namna mpira ulivyomfikia. Penalti huwa karibu 0.76 hadi 0.79, shuti la mbali huwa dogo sana. Kijana ambaye jumla yake inapanda mwezi hadi mwezi, mabao yatamfuata. Ukilinganisha washambuliaji wawili, ondoa penalti kwanza: mpigaji penalti wa timu huonekana mkali kuliko alivyo.

Mambo mengine hayaingii kwenye takwimu za kawaida. Anageuza shingo mara ngapi kabla mpira haujamfikia? Anakimbia kwenda nguzo ya karibu hata kama anajua krosi haitafika? Akikosa, anaomba mpira unaofuata? Hili la mwisho mimi hulitazama kuliko yote.

6. Timu ya vijana alifunga kila wiki, ya wakubwa hafungi. Kimetokea nini?

Muda umepungua na miili imeongezeka. Kwa vijana, straika mwenye kasi hupigiwa mpira nyuma ya mabeki na kumaliza mchezo. Kwa wakubwa, beki mwenye miaka 32 hashindani naye mbio. Anarudi hatua mbili mapema, anamgusa begani kabla mpira haujafika, na bao lililokuwa la kila wiki halipo tena.

Kuna pia suala la mwezi wa kuzaliwa. Kwenye akademi nyingi, waliozaliwa miezi ya kwanza ya mwaka wa kundi lao huwa wengi kuliko waliozaliwa ya mwisho, kwa sababu tofauti ya miezi kumi kwa mtoto wa miaka 12 ni kubwa. Aliyekuwa akifunga kwa nguvu tu hupoteza faida hiyo wenzake wanapomfikia. Yule mdogo aliyelazimika kutumia akili mapema mara nyingi hupanda baadaye.

7. Kocha amempanga winga. Akubali?

Akubali, kama anacheza. Thierry Henry alitumika sana pembeni Monaco na kisha Juventus kabla Arsène Wenger hajamrudisha katikati Arsenal mwaka 1999. Bao lake la kwanza Arsenal lilichelewa hadi katikati ya Septemba, dhidi ya Southampton, na wengi walikuwa wameanza kunong'ona. Miaka ya pembeni ilimwachia ile mbio ya kutokea kushoto na kuuzungusha mpira kwenda nguzo ya mbali, bao ambalo kila mtu analikumbuka.

Tatizo huanza winga ikigeuka kuwa nyumbani. Baada ya msimu mmoja au miwili, amuulize kocha waziwazi kama anamwona kama namba tisa. Jibu likiwa hapana, soma swali la 12.

8. Afanye mazoezi gani ya ziada?

Machache, na yafanane na mechi. Kupiga mashuti 100 ya mpira uliotulia akiwa hana beki mbele yake kunafurahisha macho tu. Afadhali 20 za krosi ya chini na mguso mmoja, 10 kwa kila mguu, baada ya kukimbia kwanza ili mapigo ya moyo yawe juu. Kufunga kwa mguso mmoja ndani ya boksi ndiko kunakomlipa straika mshahara. Aongeze kupokea mpira akiwa ameipa goli mgongo, kuna mtu anamsukuma. Na asiyafanye siku moja kabla ya mechi.

## Mkopo na uhamisho

9. Kutolewa kwa mkopo ni ishara kwamba klabu haimtaki?

Inaweza kuwa ishara hiyo, lakini usiichukulie hivyo kabla ya kuuliza. Harry Kane alitolewa na Tottenham kwa mkopo mara nne: Leyton Orient, Millwall, Norwich na Leicester. Millwall alifunga mabao tisa na kuzoea kugombana na mabeki wazima. Norwich aliumia mguu na hakupata bao la ligi. Leicester, mechi za mchujo wa kupanda daraja Mei 2013, alianzia benchi pamoja na Vardy. Fikiria benchi hilo. Msimu wa 2014/15 alifunga mabao 21 ya Ligi Kuu England.

Mikopo miwili kati ya hiyo minne ukiitazama kivyake ilikuwa mibaya, na bado kijana alijengeka.

10. Aulize nini kabla ya kukubali mkopo?

Aanze na maswali haya: kuna straika gani mwingine pale, ana umri gani, na kocha amebakiza mkataba wa muda gani? Kocha aliyemwomba akifukuzwa Oktoba, anayekuja hana deni naye. Baada ya hapo atazame timu inavyocheza. Straika wa mbio akipelekwa timu inayomiliki mpira mbele ya wapinzani waliojaza boksi atakosa pa kukimbilia. Aulize pia kama klabu yake inaweza kumrudisha dirisha la usajili la katikati ya msimu asipopangwa. Kipengele hicho kimeokoa wengi.

Kwa kanuni za FIFA zilizoanza Julai 2022, mkopo wa kimataifa hauzidi mwaka mmoja, na klabu iliyomchukua kwa mkopo haiwezi kumkopesha kwa klabu ya tatu.

11. Anaweza kuchezea klabu ngapi kwa msimu?

Anaweza kusajiliwa na klabu hadi tatu, lakini mechi rasmi huruhusiwa kuchezea mbili tu. Kuna nafuu pale ambapo nchi mbili zina kalenda tofauti za msimu. Wengi hulijua hili wakiwa wameshacheza dakika tano za mechi ya kombe Agosti, na dakika hizo tano zinahesabika.

12. Wakati gani ni sahihi kuhama?

Akiwa amemaliza kazi alipo, au akiwa amehakikisha kwamba kazi hatapewa. Mbwana Samatta ni mfano mzuri wa ngazi zilizopandwa moja baada ya nyingine: African Lyon, Simba, kisha TP Mazembe mwaka 2011 akiwa na miaka 18. Alikaa Mazembe hadi Januari 2016. Katika miaka hiyo alitwaa Ligi ya Mabingwa Afrika ya 2015 na kuchaguliwa Mchezaji Bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Alipofika Genk alikuwa mfungaji aliyekamilika wa miaka 23, na msimu wa 2018/19 akafunga mabao 23 ya ligi wakiwa mabingwa. Bao la Anfield, uwanja wa Liverpool, akiwa bado Genk, na la Wembley, fainali ya Kombe la Ligi akiwa na Aston Villa mwaka 2020, yalikuja baada ya hapo.

Angeweza kuondoka mapema zaidi kwenda kukaa benchi mahali penye majina. Wapo wengi waliofanya hivyo.

13. Anaweza kwenda klabu ya nje kabla ya miaka 18?

Kwa kawaida hapana. Kanuni ya FIFA inakataza uhamisho wa kimataifa wa aliye chini ya miaka 18, ila kwa hali chache: wazazi wamehama kwa sababu zisizohusu soka, uhamisho wa ndani ya Umoja wa Ulaya na eneo lake la kiuchumi kwa wenye miaka 16 hadi 18, kwa masharti ya elimu na malezi, au familia inaishi karibu na mpaka, nyumba na klabu kila moja isiyozidi kilomita 50 kutoka mpakani. Tangu Uingereza ilipotoka Umoja wa Ulaya, klabu zake haziwezi tena kuwasajili vijana wa bara hilo chini ya miaka 18.

Mtu akikwambia "tutapita njia nyingine", anazungumzia kumghushia kijana maisha. Kataa. Kijana aliyepelekwa nje kinyume cha utaratibu hukaa bila leseni ya kucheza, hana dakika wala shule, na mara nyingi hana nauli ya kurudi.

## Mkataba, wakala na pesa

14. Mkataba wa kwanza uwe wa muda gani?

Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi mkataba wa kulipwa unaozidi miaka mitatu. Kwa mwenye miaka 18 na zaidi kiwango cha juu cha kawaida ni mitano. Maoni yangu: kwa straika, miaka miwili au mitatu inatosha. Mirefu humlinda akiumia, na hilo si dogo, lakini pia humfunga kwa mshahara wa mwanzo wakati mabao yanapoanza kuja. Zikibaki miezi sita mkataba kuisha, anaruhusiwa kusaini na klabu nyingine kwa ajili ya msimu ujao.

15. Ni vipengele gani vya kusoma mara mbili?

Cha kwanza ni haki ya kuongeza mkataba iliyopewa klabu peke yake. Klabu inaongeza mwaka ikipenda, mchezaji hana kauli, na mshahara unabaki uleule. Akiulizwa, aombe nyongeza hiyo iendane na mechi alizocheza na mshahara uongezeke.

Cha pili, posho ya mabao. Inavutia, lakini kwa kijana posho ya kucheza ina maana zaidi, kwa sababu kupangwa ndiko anakohitaji. Cha tatu, kifungu kinachosema mkataba utakuwa halali "akifaulu vipimo vya afya". Kanuni za FIFA zinakataza uhalali wa mkataba kutegemea vipimo au kibali cha kazi. Vipimo hufanywa kabla ya kusaini. Na jambo la nne ni la kawaida kabisa: aondoke na nakala yake yenye sahihi zote, siku hiyohiyo.

16. Lazima awe na wakala?

Si lazima. Akimtaka, awe na leseni ya FIFA, inayopatikana kwa kufaulu mtihani. Mkataba wa uwakilishi kati ya mchezaji na wakala hauzidi miaka miwili. Kwa aliye chini ya miaka 18, wakala haruhusiwi kumfuata mapema kuliko miezi sita kabla ya umri ambao sheria ya nchi inamruhusu kusaini mkataba wa kulipwa, na mzazi au mlezi lazima akubali kwa maandishi.

Wakala mzuri humjua kocha wa klabu anakompeleka na anaweza kueleza kwa nini pale atacheza. Akiongea saa nzima kuhusu ada na magari bila kutaja nani atampigia krosi, tafuta mwingine.

17. Mtu anadai alipwe kwanza ndipo ampeleke majaribio. Ni kawaida?

Huo ni utapeli. Klabu inayomtaka kijana humwalika kwa barua, na barua hiyo unaweza kuithibitisha kwa kuipigia klabu yenyewe.

18. Timu ndogo iliyomlea itapata chochote?

Ndiyo, na ni huzuni kwamba nyingi hazidai. Kuna malipo ya aina mbili. Fidia ya mafunzo hulipwa anaposaini mkataba wa kwanza wa kulipwa, na tena anapohamia nchi nyingine kabla ya kumalizika mwaka wa kalenda anaotimiza miaka 23. Mchango wa mshikamano ni asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa, hata akiwa na miaka 30, na hugawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23.

Hesabu yake iko hivi. Kila mwaka wa kalenda wa umri wa miaka 12 hadi 15 una asilimia 0.25 ya ada. Kila mwaka wa umri wa miaka 16 hadi 23 una asilimia 0.5. Akiuzwa kwa dola milioni 1, timu iliyokaa naye miaka minne ya mwanzo inastahili dola 10,000, na iliyokaa naye tangu 16 hadi 18 inastahili 15,000. Sharti ni kwamba alisajiliwa rasmi miaka hiyo. Timu isiyopeleka majina ya watoto wake kwenye chama haitaonekana kwenye kumbukumbu, hata kama mtaa mzima unaijua.

## Mwili na maisha nje ya uwanja

19. Jeraha gani la kuogopa zaidi?

Kwa straika wa mbio, misuli ya nyuma ya paja. Ndiyo inayoumia mara nyingi kuliko yote katika soka la wanaume la kulipwa. Michael Owen alianza Liverpool akiwa na miaka 17, akafunga lile bao dhidi ya Argentina kwenye Kombe la Dunia la 1998 akiwa na 18, na Aprili 1999 msuli huo ukachanika katika mechi dhidi ya Leeds. Alishinda Ballon d'Or mwaka 2001, lakini mwenyewe amekiri kwamba kasi yake haikurudi kama ilivyokuwa.

Hapa ndipo kipimo changu cha dakika kinapopata mpaka. Kijana anayecheza kikosi cha kwanza Jumamosi, timu ya vijana Jumatatu na timu ya taifa ya vijana wiki inayofuata anamilikiwa na makocha watatu, na hakuna hata mmoja anayejumlisha. Mzazi au mchezaji mwenyewe aandike dakika zote kwenye daftari na kuzionyesha. Maumivu ya chini ya goti kwa anayekua kwa kasi nayo yasipuuzwe kwa kuitwa uvivu.

20. Shule aiache?

Asiiache. Michael Olunga alisoma chuo kikuu huku akicheza ligi, na elimu haikumzuia kufunga mabao manane katika mechi moja ya Kashiwa Reysol mwaka 2019 wala kuwa mfungaji bora wa Japani mwaka uliofuata kwa mabao 28. Zaidi ya hayo, anayesoma mikataba yake mwenyewe ni vigumu kudanganywa.

21. Matusi ya mitandaoni baada ya kukosa bao?

Simu izimwe tangu kipyenga cha mwisho hadi asubuhi. Akaunti zake zisimamiwe na mtu mwingine msimu wa kwanza. Akitishiwa maisha, apeleke klabu na polisi. Hilo si ushabiki tena.

## Hali zisizo za kawaida

22. Ana haki ya kuchezea mataifa mawili. Akiitwa na moja, amefungwa?

Mechi za kirafiki na za vijana hazimfungi moja kwa moja. Tangu 2020, hata aliyecheza mechi za mashindano na timu ya wakubwa anaweza kubadilisha kama mechi zake zote za timu hiyo, hata za kirafiki, hazikuzidi tatu, alizicheza kabla hajatimiza miaka 21, imepita miaka mitatu tangu ya mwisho, na hakucheza fainali za Kombe la Dunia wala za bara lake. Lazima pia awe tayari alikuwa na uraia wa taifa la pili alipoichezea timu ya taifa la kwanza mechi yake ya kwanza ya mashindano.

23. Klabu haijalipa mishahara. Aondoke?

Asiondoke kimyakimya, maana akiondoka vibaya atageuka mdaiwa. Mishahara miwili ya mwezi isipolipwa kwa wakati, aiandikie klabu kuieleza deni na kuipa angalau siku 15. Zikipita bila malipo, ana sababu halali ya kuvunja mkataba. Atunze nakala ya barua na uthibitisho kwamba imepokelewa.

24. Hapangwi kabisa. Anaweza kuvunja mkataba?

Ipo kanuni inayomruhusu mchezaji aliyecheza chini ya asilimia 10 ya mechi rasmi za klabu yake kuvunja mkataba ndani ya siku 15 baada ya mechi ya mwisho ya msimu. Lakini inamhusu mchezaji aliyekwisha kujijenga, na kijana wa miaka 19 mara nyingi hahesabiwi hivyo. Kwake njia ya kweli ni mkopo. Rudi swali la 10.

25. Ameachwa na klabu. Afanye nini wiki ya kwanza?

Kwanza alie, na asiambiwe anyamaze. Kane aliachwa na Arsenal akiwa mtoto. Vardy aliachwa na Sheffield Wednesday akiwa na miaka 16. Antoine Griezmann alikataliwa na akademi kadhaa za Ufaransa kwa udogo wa mwili, akaenda Real Sociedad akiwa na miaka 14.

Siku ya pili aombe barua ya kuachwa huru na rekodi zake za usajili na za matibabu. Aombe pia video za mechi nzima mbili au tatu, maana kila msaka vipaji ameshaona vipande vya mabao na anachotaka kuona ni anavyojisogeza mpira ukiwa mbali. Apige simu kwa makocha waliowahi kumfundisha, yeye mwenyewe, bila kumtuma mtu. Daraja la chini likimpa nafasi ya kuanza, alichukue. Na dirisha likifungwa kabla hajapata timu, asikate tamaa: kanuni za FIFA zinaruhusu mchezaji wa kulipwa ambaye mkataba wake uliisha kabla dirisha halijafungwa kusajiliwa hata nje ya dirisha, mradi chama cha nchi anakokwenda kikubali.